Simu Janja na Kapu la Kichwani

Siku hizi simu janja imeingia hata jikoni. Mama huiandikia alichokula, nayo humjibu kwa idadi ya kalori. Akitembea nayo, humhesabia hatua. Ni chombo chenye manufaa, mradi anayekitumia afahamu kinachopimwa na kisichopimwa.

Kamembe ni mji wa Rwanda ulio kwenye vilima vya kusini mwa Ziwa Kivu, ukitazamana na Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi. Huko akina mama wachuuzi huvuka mpaka kwa miguu wakipeleka bidhaa zao sokoni. Simu iliyofungwa katika pindo la kitenge huhesabu hatua kwa kifaa kidogo kinachotambua mtikisiko wa mwili. Lakini haitambui kama kichwani mna kapu la kilo 20 au hamna kitu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jioni mama huyo akishika jembe, simu ikabaki mezani, kazi hiyo haiandikwi kabisa. Akiziamini tarakimu hizo peke yake, atapunguza chakula ilhali mwili wake wadai zaidi. Kwa mjamzito na anyonyeshaye, kosa hilo ni la hatari.

Karani akaaye kitini kutwa hali yake ni kinyume, naye hesabu ya hatua yaweza kumwamsha. Hata hivyo, zile hatua 10,000 zinazotajwa sana si amri ya daktari. Zilienea kutokana na kipima-hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilikuwa na maana hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwenda kazini, kulima na kazi za nyumbani vyote vimo.

Kwa upande wa chakula, uangalifu wahitajika zaidi. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori 360 hivi. Gramu 100 za wali uliopikwa zina 130 hivi, kwa kuwa umenywa maji. Mwenye kuandika kimoja mahali pa kingine hukosea karibu mara tatu. Tena, familia inayokula sinia moja haiwezi kujua kwa hakika nani amekula kiasi gani.

Kilicho rahisi kupima ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi. Sambaza wakikaangwa, mafuta na yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Vijiko sita vikiingia katika mchuzi wa watu sita, kila mmoja amepata kalori 120 za mafuta peke yake.

Ikumbukwe pia kwamba kalori si lishe yote. Mchicha, uitwao dodo huko Kamembe, una kalori chache lakini una madini na vitamini nyingi. Na yeyote anayekonda bila kukusudia, au kuchoka pasipo sababu, aende kituo cha afya akapimwe. Simu huhesabu, haitibu.