Uzi wa Tano wa Fidla

Mwezi wa pili huu nabishana na fidla ya nyuzi tano. Niliyoizoea tangu ujana ina nne, na uzi wake mzito kabisa ni Sol. Hii imezidishwa Do chini yake, sauti ya viola.

Ugeni uko kwenye uta. Daraja limebeba nyuzi tano, nazo zimesogeleana. Mkono ukiteleza kidogo tu wagusa mbili, na ukumbi mzima wasikia. Uzi wa Do ni mnene, mzito wa kuamka. Hautaki papara, wataka uta wa polepole. Wiki za mwanzo, nakiri, nilikwaruza kama paka juu ya bati.

Wako wenzangu wasemao kwamba uzi huu utaharibu taarabu. Siwaafiki. Waarabu waliipokea fidla kutoka Ulaya, na wapigaji wao wengi wakazibadili nyuzi zikawa Sol, Re, Sol, Re, ikakaa vyema na udi na ganuni. Na je, makamu ya Rasti kituo chake si Do? Kwa nyuzi nne, Do ya chini kabisa waitafuta kwa kidole cha tatu kwenye uzi wa Sol. Hapa ipo nyingine chini yake zaidi, wazi, haidai kidole.

Waimbaji wetu waliokula umri sauti zao zimeshuka. Nani atawajibu huko chini? Vyama vyetu na vinunue japo moja, wapewe vijana. Lakini Rasti waijue kwanza.