Zoloto la Mwalimu

Sisi wakazi wa Morogoro tumezoea kuuhesabu mji wetu miongoni mwa miji iliyoipatia nchi hii sauti zake bora, na fahari hiyo si ya bure, madhali hapa ndipo alipovuma Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipopata jina akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyosafiri hata Osaka, Japani, mwaka 1970, kabla hajaunda Super Volcano mwaka 1973 na kukutwa na mauti barabarani huko Mombasa mwezi wa Januari 1979. Nyimbo zao tunazo, na redio huzipiga hadi leo. Lakini iko sauti nyingine katika mkoa huu, ambayo lau si hiyo asingekuwapo hata mmoja wetu wa kulisoma gazeti hili, nayo ni ya mwalimu wa shule ya msingi; hiyo hakuna anayeirekodi, wala ikikauka hakuna anayeiulizia. Rai yangu ni kwamba maradhi ya sauti ya mwalimu ni maradhi ya kazini, na yapasa kutambuliwa na kutibiwa hivyo.

Hoja hii haieleweki mpaka tukitazame kiungo chenyewe. Zoloto limejengwa kwa magegedu, juu ya bomba la pumzi: mbele liko gegedu pana, lile linalochomoza shingoni mwa mwanamume na kupanda na kushuka amezapo mate, chini yake liko jingine la mviringo, nyuma, juu ya huo mviringo, yamekaa mawili madogo yenye kugeuka huku na huku, na juu ya yote kimesimama kidakatonge, ambacho huinama kuifunika njia ya pumzi kila tunapomeza. Ndani yake, kuanzia gegedu la mbele hadi yale mawili madogo, zimelazwa nyuzi za sauti, yaani mikunjo miwili ya misuli iliyovikwa utando laini mno, yenye urefu wa milimita 17 hadi 25 kwa mwanamume, na kwa mwanamke pungufu ya hapo. Na juu yake iko mikunjo mingine miwili ambayo kazi yake hasa ni ulinzi. Tuvutapo pumzi nyuzi hutengana. Tutakapo kusema hukutana, na pumzi inayopanda kutoka mapafuni hujilimbikiza chini yake, ikazisukuma zikafunguka, zikarudi zikafungana, mara 100 na zaidi kwa sekunde katika sauti ya mwanamume, na mara 200 hivi katika sauti ya mwanamke. Msomaji na aweke vidole kooni, aivute sauti ya *s*, kisha ya *z*: ya kwanza hupita kimya, na ya pili huvitetemesha vidole.

Dakika moja ya sauti mfululizo ya mwanamke, basi, ni migongano 12,000. Sasa mchukue mwalimu wa kike wa upande wa Matombo au Kinole, katika miteremko ya mashariki ya Uluguru inayopokea mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni, chini ya bati lisilo na dari. Mvua ikianza kupiga, hana ila kupaza sauti au kunyamaza, naye hakuajiriwa anyamaze. Namjua mmoja wao. Ifikapo Alhamisi sauti yake huwa imebaki pumzi tupu: huandika ubaoni yale ambayo angeyatamka, hugonga meza kwa kijiti ili watazamwe midomo yake, na watoto wa mbele huwapokezea wa nyuma waliyoyasikia. Pale nyuzi zinapogongana kwa nguvu zaidi, mwisho wa theluthi yake ya mbele, huota vinundu, kama sugu katika kiganja cha mkulima wa jembe. Vinundu huzizuia nyuzi zisifungane sawasawa, pumzi ikavuja, sauti ikakwaruza, naye mwalimu, ili asikike, akazidi kukaza, na vinundu vikazidi kukua.

Majirani humpa tangawizi, asali na ndimu, nami siwalaumu, kwani koo hupata faraja. Lakini kinachomezwa hupita katika umio, na zoloto hujifunga wakati huo kusudi kisiziguse nyuzi za sauti. Nyuzi hizo zataka maji ya kutosha mwilini, mapumziko, na kuepushwa na moshi, wa tumbaku na wa kuni. Hata kunong'ona kwa kukaza huzichosha.

Tena, sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu haifai kungojewa ipone yenyewe, kwa kuwa yaweza kuwa dalili ya saratani, hususan kwa mvutaji wa sigara, au ya kifua kikuu; na mshipa wa fahamu unaoutumikia uzi wa kushoto hushuka kwanza kifuani, ukapita chini ya mshipa mkuu wa damu, ndipo ukarejea juu shingoni, hata uvimbe wa kifuani ukaweza kumnyang'anya mtu sauti yake. Kuzitazama nyuzi hizo si jambo geni: Manuel García, Mhispania aliyefundisha kuimba London, aliziona za kwake mwenyewe mwaka 1854 kwa kioo kidogo na mwanga wa jua. Matabibu bingwa wa koo nchini wangali wachache, na mwalimu wa milimani huambiwa apumzike, ilhali Jumatatu anangojwa darasani.

Nchi ya Poland imekwisha kuyaingiza maradhi sugu ya sauti katika orodha ya maradhi ya kazini. Kwetu uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa ajili ya wanaoumia au kuugua kwa sababu ya kazi zao, nao wapasa kuyapokea maradhi haya bila kusitasita. Vyuo vya ualimu, na tuanze na hiki chetu cha Kigurunyembe, vimfundishe mwanachuo kuitawala pumzi yake kama vinavyomfundisha kuandaa somo. Na kwa kuwa dari ni rahisi kuliko upasuaji, madarasa ya upande wa mvua yapigiwe dari kabla ya masika yajayo.