Kutoka Waya wa Mafuta Hadi Wodi ya Mifupa

Asubuhi ya Iyunga huanza kwa kelele za barabara kuu. Malori yaliyopakia bidhaa za Zambia na Kongo hupita yakielekea Tunduma, daladala husimama na kuondoka, na baina yao bodaboda hukatiza kutoka njia za vumbi za mitaani. Dereva wa bodaboda anayetaka kuvuka hadi upande wa pili hupima kwa jicho nafasi kati ya lori na lori, kisha huvuta mafuta. Hesabu yake yote imejengwa juu ya jambo moja ambalo hata halifikirii: kwamba mkono ukizungushwa, injini itaitika.

Siku waya wa mafuta unapokatika, injini haiitiki. Haizimi pia, na hapo ndipo penye hadaa. Inaendelea kuunguruma polepole kana kwamba hakuna lililotokea, ilhali pikipiki yenye watu wawili au watatu imebaki katikati ya lami bila nguvu. Dereva huzungusha mkono mara ya pili na ya tatu kabla ya kung'amua, na sekunde hizo ndizo zinazoamua nani atafika anakokwenda.

Waya huu ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, zikapitishwa ndani ya ala ya plastiki kutoka kishikio cha mkono wa kulia hadi kwenye kabureta. Ukivutwa, huinua kizibo kidogo kinachoruhusu hewa na petroli kuingia kwenye injini. Ukiachiwa, springi hukirudisha kizibo chini. Kwa hiyo waya uliokatika kabisa huirudisha injini kwenye muungurumo wa chini. Waya uliochanika nusu ni wa hatari zaidi. Uzi mmoja mmoja hukatika, ncha zake hujikunja na kukwama ndani ya ala, na kizibo hubaki juu hata baada ya mkono kuachiwa. Pikipiki ya namna hiyo ikianza kushuka mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi haina tena mwendeshaji, ina abiria watupu.

Kila dereva angepaswa kulijua hili kabla ya siku yake kufika. Mafuta yakikwama, klachi hubanwa mara moja ili nguvu ya injini isifike kwenye gurudumu, breki zote mbili hukamatwa kwa uthabiti, kisha injini huzimwa kwa swichi yake au kwa ufunguo, bila kuusogeza ufunguo hadi penye kufuli la usukani. Injini itapiga kelele ya kutisha klachi inapobanwa. Kelele hiyo haiui mtu.

Je, haya ni mambo ya jarida la afya? Wapo watakaosema kwamba waya ni kazi ya fundi na mfupa ni kazi ya tabibu. Mgawanyo huo ni mzuri kwa kupanga mishahara, lakini ni mbaya kwa kuzuia majeraha. Daktari Mmarekani William Haddon, aliyekuwa wa kwanza kuongoza chombo cha serikali ya nchi yake cha usalama barabarani mwaka 1966, aliwafundisha wenzake kuitazama ajali kama wanavyoutazama ugonjwa. Katika jedwali lake yupo mtu, ipo barabara na mazingira yake, na kipo chombo. Na kila kimoja kina sehemu yake kabla ya ajali, wakati wa ajali na baada yake. Mtaalamu wa malaria hamchunguzi mgonjwa peke yake akamsahau mbu. Kwa nini basi anayepokea majeruhi wa pikipiki aisahau pikipiki?

Na kwa kweli husahaulika. Majeruhi akifikishwa katika kituo chochote cha afya, huulizwa kama alikuwa dereva au abiria, kama alivaa kofia ngumu, kama alikunywa pombe, kama anayo fomu ya polisi, ile PF3. Maswali hayo ni ya haki. Kofia hasa haina mbadala: uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini swali la nne au la tano, “Chombo kilikuwaje?”, haliulizwi. Mkaguzi wa magari wa polisi huweza kuikagua pikipiki, ila taarifa yake huandikwa kwa ajili ya kesi, si kwa ajili ya wodi. Faili la mgonjwa hubaki na maneno matatu, “ajali ya bodaboda”, na maneno hayo hayamfundishi mtu kitu. Breki zilikataa? Tairi lilikuwa kipara? Mafuta yalikwama? Mstari mmoja tu wa kalamu ungetosha, na baada ya mwaka mmoja hospitali ingekuwa na jambo la kuwaambia madereva wa eneo lake badala ya kurudia kauli ya siku zote kwamba “waache mwendo kasi”.

Kipo pia kisa cha polepole, kisichofika na gari la wagonjwa. Dereva huja zahanati akilalamika kifundo cha mkono wa kulia, au ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha usiku. Hupewa dawa ya maumivu na kurudi kijiweni. Ganzi ya namna hiyo mara nyingi hutokana na kubanwa kwa neva inayopita kwenye kifundo, na kazi ya kushika na kukunja mkono kutwa nzima, pamoja na mtikisiko, huichochea. Waya uliokauka na kuota kutu humlazimisha dereva kukaza kiganja maradufu, saa kumi kwa siku. Hakuna anayedai kwamba waya mpya hutibu neva. Ila tabibu anayempa mgonjwa vidonge bila kumwuliza kama kishikio chake ni kizito amemtibu nusu.

Mbeya ina mazingira yake. Masika yake huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na maji huingia kwenye ala iliyopasuka. Kiangazi huleta vumbi, na ujenzi wa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umeliongeza. Maji, vumbi na grisi iliyokauka hutengeneza msasa ndani ya ala. Dalili huonekana mapema kwa anayetaka kuziona: mkono kuwa mzito, kishikio kutorudi chenyewe kwa haraka kinapoachiwa, nyuzi kuchomoza kwenye ncha, au sauti ya injini kubadilika usukani unapokatwa kulia au kushoto.

Waya uliokatika hauungwi. Barabarani dereva huongeza skrubu ya muungurumo akajikokota hadi kwa fundi, na hilo, bila abiria na kwa mwendo wa miguu, linaweza kusameheka. Lisilosameheka ni kuufunga fundo, au kuweka waya wa breki ya baiskeli na kuubana kwa skrubu, kisha kuendelea kupakia watu kwa wiki tatu. Kuubadilisha si kazi ya siku nzima. Waya mpya hufuata njia ileile ya zamani, bila kona kali na mbali na bomba la moshi. Kishikio huachiwa ulegevu wa milimita 2 hadi 6 hivi kabla ya waya kuanza kuvuta. Halafu injini huwashwa na usukani kukatwa pande zote mbili kusikiliza kama sauti inapanda. Fundi asiyefanya jaribio hilo la mwisho asilipwe mpaka alifanye.

Ni rahisi kuyaita yote haya uzembe wa vijana. Neno hilo hupendwa na wasiojua hesabu ya mkataba. Dereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha; kila siku au kila wiki hupeleka fedha kwa mwenye chombo, hata siku ya mvua isiyo na abiria, na matengenezo mara nyingi huwa juu yao. Waya ni shilingi elfu chache, lakini nusu siku gereji ni hesabu isiyotimia. Mwenye pikipiki, ambaye mara nyingine ni mwalimu, mfanyabiashara au hata mtumishi wa afya, hupokea fedha zake bila kukiona chombo kwa miezi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya dereva peke yake, na mkataba wa haki ungeweka nyaya, breki na tairi kwenye mfuko wa mwenye mali. Mtumishi wa hospitali anayemiliki bodaboda mbili mtaani angeweza kuanza na zake mwisho wa mwezi huu.

Vituo vya afya navyo vina pikipiki zao, zile zinazobeba visanduku vya baridi vya chanjo hadi vijiji vya milimani. Hutunziwa kitabu cha safari na cha mafuta. Ukurasa wa kuandika lini waya ulipakwa grisi, na lini ulibadilishwa, ungeongezwa kwa rula na kalamu, na muuguzi anayezipanda peke yake kwenye utelezi wa Machi angekuwa wa kwanza kuusoma.