Wanging'ombe ina kosa gani?

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kwa wanaoanza PHP kama mimi: maandishi yaliyofungwa ndani ya alama za mtajo ndiyo stringi. Nikaanza na kwetu. strlen('Ipelele') ikahesabu 7. strlen('Makambako') ikahesabu 9. strtoupper('Njombe') ikanipa NJOMBE. Safi kabisa! Nikahamia kwa majirani zetu: strlen('Wanging'ombe')... programu ikagoma.

Mchawi ni ritifaa ya ng'. PHP ikiiona inadhani stringi imeishia hapo, halafu "ombe" iliyobaki haijui ni mdudu gani. Dawa ni ndogo tu: funga kwa alama za mbilimbili, "Wanging'ombe", au tanguliza mkwaju wa nyuma, 'Wanging\'ombe'. Jibu: 12.

Sasa jamaa mmoja pale maabara ananiambia, "Achana nayo, andika Wangingombe, itaeleweka tu." Hapo ndipo nilipochemka! Itaeleweka na nani? Ng'oa ni kutoa na mizizi, ngoa ni wivu. Sisi walimu watarajiwa tutamkata mtoto maksi kwa kosa hilo, halafu sisi wenyewe tunalifanya makusudi?

Na si mchezo jamani. Rafiki yangu Msukuma, jina lake la ukoo linaanza na Ng'w. Fomu moja ya mtandaoni ikaikataa ritifaa, akajaza bila hiyo. Cheti kinayo, fomu haina; kwa kompyuta hao ni watu wawili. Ikabidi akale kiapo kwamba yeye ni yeye!!!

Eti ritifaa ni hatari kwa kanzidata. Huo ni uvivu. PDO ipo tangu PHP 5.1, mwaka 2005: unapeleka jina kando na amri, halivurugi chochote. La kuangalia ni ritifaa iliyopinda (’) ambayo simu nyingine huandika. Kwenye UTF-8 hiyo ni baiti 3, ndiyo maana strlen itakuambia 14 badala ya 12. Ibadilishe kwa str_replace iwe ya kawaida, kisha hifadhi jina lilivyo.

Wilaya ya Wanging'ombe ilianzishwa mwaka 2012 na ritifaa yake. Programu isiyoweza kulipokea jina hilo ndiyo yenye kosa, irekebishwe yenyewe. Watu waachieni majina yao.

Naomba kuwasilisha!