Kwani Barabara ya Mombasa Ni ya Wenye Injini Pekee?

Wasee, tangu niweke ile video ya kunyonga baiskeli kutoka Nairobi hadi Mombasa, swali ni lile lile: "Kwani ulikosa nauli?" Wengine wameongeza chumvi: ati niliacha chuo, sasa nimebaki kuzurura.

Sawa. Chuo niliacha, sijawahi kuficha. Lakini nauli nilikuwa nayo mfukoni. Leo nawajibu.

Ni karibu kilomita 480. Nilitumia siku tano. Siku ya kwanza tu, kabla ya kufika Salama, nilikuwa na pancha mbili. Usidhani ni misumari. Ni zile nyaya nyembamba za chuma zinazobaki kwa lami lori likipasukiwa na tairi. Huzioni mpaka usikie upepo ukitoka. Fundi mmoja pale Sultan Hamud alizichomoa kwa koleo, akabandika viraka, kisha akanirudishia chenji nilipomwambia aiweke. "Kijana, kazi ni hamsini. Nikichukua mia, kesho utasema fundi wa huku ni mwizi."

Makindu nililala kwa lile hekalu la Kalasinga, ambapo msafiri hulishwa bure bila kuulizwa dini yake. Nilikula chapati na dengu mpaka nikaona haya. Karibu na Mtito Andei, nikihangaika na mnyororo, nyani alinipora ndizi zote. Zote! Nikacheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Mimi njia hii nimeipita kwa basi mara nyingi, na kusema kweli nilikuwa nalala tu.

Sasa twende kwa kile kilichoniuma.

Kabla ya Voi, basi lilitoka nyuma ya lori na kuja upande wangu, mbio, honi juu, taa zikiwaka mchana kweupe. Hakuwa anaomba njia. Alikuwa ananiambia nitoke. Nikachagua mtaro. Goti lilishonwa nyuzi nne. Basi halikusimama. Waliosimama ni watu wengine, na wa kwanza kufungua mdomo aliniuliza: "Na wewe unatafuta nini barabarani na baiskeli?"

Mimi! Aliyekuwa upande wake, ukingoni kabisa, ndiye mwenye makosa!

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wetu. Tunaringa na Chris Froome, ati ni wetu, alizaliwa Nairobi, alinolewa na David Kinjah huko Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne. Hata neno bodaboda lilianza na baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia. Lakini ukimkuta mtu kwa baiskeli leo, unamwona ni maskini anayekuchelewesha.

Na tuwe wakweli, mimi si hoja. Mimi nilipanda kwa kupenda, na nikianguka napata video. Yule mzee anayebeba mitungi ya maji kwa karia, yule kijana anayekwenda kibarua alfajiri, hao hawako kwa utalii. Hiyo ndiyo barabara yao. Mwaka baada ya mwaka, ripoti zinaonyesha wanaotembea kwa miguu ndio wanaokufa zaidi kwa barabara zetu. Ukiniambia "barabara kuu ni hatari, kaa nyumbani," nenda kamwambie huyo mzee maji yatajileta yenyewe.

Sitaki miujiza. Nataka ukingo wa lami usiokatika ghafla na kukutupa kwenye changarawe. Nataka dereva ajue kwamba kuwasha taa hakumpi upande wangu. Na wewe abiria, dereva akifanya hivyo, usinyamaze kwa sababu una haraka ya kufika.

Siku ya tano, Mazeras, goti limevimba, nilisimama kwa muuza madafu. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Nairobi. Akaitazama baiskeli, akalitazama goti, akanikatia dafu la pili. "Hili sihesabu, mwanangu. Pumzika kwanza."

Hakuniuliza nauli.

Mwezi wa nane narudi njia ile ile, na goti hili hili. Nauli bado ninayo. Dereva, niachie mita moja tu.