Daftari la Mahudhurio Ndilo Shahidi wa Kwanza

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, methali hii ilikuwa sheria isiyoandikwa. Mtoto aliyetumwa kutoka Kibokoni hadi Ndia Kuu alipita mbele ya baraza kadhaa, na kila baraza lilikuwa na mzee aliyejua kuwa huyo ni mwana wa nani. Macho hayo yamepungua, ilhali watoto wangali wanapita vichochoro vile vile kwenda shule na madrasa. Nashikilia kwamba mwalimu mwenye daftari mkononi aweza kuliziba pengo hilo kwa sehemu kubwa.

Tuchukue mfano wa Marekani. Tarehe 25 Mei 1979, mjini New York, Etan Patz, mtoto wa miaka 6, aliruhusiwa kwa mara ya kwanza kwenda peke yake hadi kituo cha basi la shule. Hakuonekana tena. Mwalimu wake alitambua kwamba hayupo, lakini hakumwarifu mkuu wa shule. Mama mtu alishtuka alasiri, mwanawe alipokosa kurejea. Siku nzima ilikuwa imekwisha kupotea. Mtu mmoja alipatikana na hatia mwaka 2017, lakini mwaka 2025 mahakama ya rufani ikaibatilisha hukumu hiyo.

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba sharti saa 24 zipite kabla ya kupiga ripoti polisi. Hakuna sheria ya Kenya isemayo hivyo. Wengine hudhani kwamba miaka 7 ikipita, faili hufungwa. Hao wanachanganya mambo. Sheria ya Ushahidi huruhusu mtu asiyesikika kwa miaka 7 kuchukuliwa kuwa amefariki, ili masuala kama ya mirathi yapate kuamuliwa. Haimsafishi aliyemwiba mtoto, wala haimfungi mpelelezi mikono.

Pwani yetu yaujua uchungu huu tangu zamani. Ng'ambo ya kisiwa, pale Kengeleni, ingali imesimama kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Miongoni mwao walikuwamo watoto walionyakuliwa kwao bara, na hakuna aliyewafungulia faili. Sisi hatuna udhuru huo.

Najua walimu watasema kwamba madarasa yamefurika. Ni kweli. Hata hivyo, kuita majina ni kazi inayofanywa tayari kila asubuhi. Kinachokosekana ni hatua ya pili, yaani kumpigia mzazi simu saa ile ile. Asipojulikana mtoto alipo, mzazi na aende kituo cha polisi akiwa na picha ya karibuni, wala asiondoke bila nambari ya OB. Simu ya watoto, 116, haitozwi malipo. Nanyi wanafunzi, mwenzenu asipofika mlikoagana, semeni mara moja. Kumsemea mwenzako aliyepotea si umbea.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jukumu la kuuliza alipo ni letu sote, leo na hata baada ya miaka 20.