Ile Diski ya Bure Ilinifunza Adabu

Wasee, wengi wenu mnakodisha seva za klaudi mkiangalia bei pekee. Hata mimi nilikuwa hivyo.

Nilikuwa naediti video za ruracio ya binamu yangu. Seva niliyokodisha ilikuja na diski kubwa, iko na spidi, na haikuongezwa kwa bili. Usiku nikaizima nisikatwe doh. Asubuhi kuiwasha, diski tupu kabisa. Na kadi za kamera nilikuwa nishazifuta.

Si ati niliibiwa. Maelezo yalikuwepo, ni mimi sikusoma.

Iko hivi. Diski ya muda iko ndani ya ile kompyuta halisi inayobeba seva yako. Ukizima seva, unaachilia hiyo kompyuta. Ukiwasha kesho unaweza kuwekwa kwa nyingine. Kwa EC2 ya Amazon, kwa mfano, ukiriboti tu data inabaki, lakini ukiizima imeenda. Diski ya kudumu, kama EBS, inaishi kando. Seva ikizimwa, data inakungoja. Shida ni kwamba unalipia kila gigabaiti uliyoomba, hata seva ikiwa imelala.

Fikiria mama mboga. Mchana nyanya ziko mezani, usiku zinaingia stoo na kufuli. Meza si mbaya, lakini hakuna mtu huacha mali yake hapo usiku.

Ndio maana sikubaliani na wale husema diski ya muda ni takataka. Faili za katikati video ikirenda, au keshe, weka hapo, inaenda mbio. Jiulize swali moja tu: hii kitu ikipotea leo usiku, naweza kuitengeneza tena? Kama ndio, diski ya muda. Kama hapana, lipia ya kudumu na uache kulia bei.

Na usidhani ya kudumu ni bakapu. Kwa EC2, ukifuta seva yenyewe, diski yake ya kuanzia kwa kawaida inafutwa nayo, usipobadilisha mpangilio. Weka nakala mahali pengine.

Kwa ile video, shosho alikuwa ametoa baraka akilia. Juzi ameniuliza tena ataiona lini. Nyinyi mngemjibu aje?